MAPATANO YA MATAJIRI WAWILI NA MSHAHARA WA MTU WA TATU



Mwezi uliopita nilimwuliza dada mmoja swali fupi: "Dada, tajiri wako ni nani?" Alikuwa katika supamaketi moja ya hapa Nairobi, amevaa aproni yenye jina la kiwanda cha maziwa, akipanga pakiti rafuni. Alicheka kidogo, kisha akanijibu: "Kaka, hata mimi nalitafuta jibu. Anayenipangia zamu ni meneja wa duka. Anayenipekua mkoba nikitoka jioni ni askari wa duka. Meneja akisema nisirudi kesho, sirudi. Lakini mshahara watoka kiwandani, na mwezi huu kiwanda chasema duka halijalipa mali ya miezi mitatu, basi ningoje."

Dada huyu hakuwa akifanya mzaha. Wako wengi kama yeye, wapanga bidhaa ambao dukani twawaita mamachandaiza. Kazi yao ni ya duka, jasho lao ni la duka, lakini jina lao limo katika daftari ya mtu mwingine. Wakienda kudai kwa meneja waambiwa, "Wewe si mtu wetu." Wakienda kudai kiwandani waambiwa, "Pesa zako ziko dukani." Mpira wapigwa huku na huku, na mpira huo ni tumbo la mtu.

Kila tukutanapo tawini twazungumza juu ya mapatano ya tajiri na chama. Hayo ni mema, tena ni ya lazima. Lakini yako mapatano mengine ambayo hatuyasomi kamwe, nayo ni mapatano ya tajiri mmoja na tajiri mwenzake. Humo ndimo mshahara wa dada yule ulimokatwa kabla hata hajaandikwa kazi. Neno langu leo ni moja: mapatano hayo ni mambo yetu pia, sheria ya kuyachunguza iko, na chama chapasa kuitumia.

NGAZI YA BIASHARA

Mapatano ya matajiri ni ya namna mbili. Namna ya kwanza ni ya matajiri wa kazi moja, walio sawa. Hukaa pamoja mahali pa siri na kusema: "Mimi na wewe tusishindane, tuuze kwa bei hii." Namna hii yajulikana na watu wengi. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya ilizitoza kampuni tisa za chuma faini ya zaidi ya Shs. 338 milioni kwa jumla, kwa kupatana juu ya bei na kupunguza mali sokoni. Mtu anayejenga nyumba ya vyumba viwili huko mashambani alikuwa akilipia mapatano hayo katika kila nondo aliyoinunua.

Namna ya pili ni ya matajiri wasio sawa, walio juu na chini kama vipandio vya ngazi. Mkulima amwuzia mwenye kiwanda, mwenye kiwanda amwuzia mwenye stoo ya jumla, naye amwuzia mwenye duka. Hawa hawashindani, bali wahitajiana. Kila mmoja ana karatasi na mwenziwe: mali itakuja lini, kwa bei gani, italipwa baada ya siku ngapi, itauzwa wapi, na ikiharibika hasara ni ya nani.

Lazima niseme kweli: si kila karatasi ya ngazi ni mbaya. Mwenye kiwanda akimpa mwenye duka friji ili maziwa yasiharibike, hapo hakuna aliyeonewa. Akimpa mtu mmoja eneo fulani alitumikie vizuri, naye akaandika madereva na makuli kwa kazi hiyo, huenda ikawa faida kwa wote. Sheria yenyewe yajua hivyo, ndiyo maana kampuni zaweza kuomba ruhusa maalum zikionyesha kwamba faida ya mapatano yao kwa watu yazidi madhara. Lakini ngazi yenye kipandio kimoja kinene kama gogo na vingine vyembamba kama njiti haipandiki salama. Aliye na nguvu zote ataandika masharti, na asiye na nguvu atatia sahihi tu.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Ushindani ni Sheria Namba 12 ya mwaka 2010, nayo ilianza kazi mwezi wa Agosti 2011. Kabla yake ilikuwako sheria ya mwaka 1988 iliyotia pamoja ushindani na udhibiti wa bei. Sheria hii ya sasa, katika kifungu cha 21, haisemi juu ya matajiri wa kazi moja tu. Yataja waziwazi mapatano ya kampuni na wale wanaoiletea mali au wanaonunua kwake. Kwa mfano, mwenye kiwanda akataza mwenye duka asiuze chini ya bei fulani: hilo ni kosa. Aweza kumshauri bei, na kuonyesha wazi kwamba ni ushauri tu, lakini hawezi kumlazimisha.

Kisha yakaja mambo yanayotuhusu sisi zaidi. Katika mwaka 2016 Bunge liliingiza katika sheria habari ya nguvu ya mnunuzi, na katika mwaka 2019 likaipa kifungu chake, yaani 24A. Zamani watu walidhani mwonevu katika biashara ni mwuzaji tu, yule aliye na mali peke yake. Lakini mnunuzi naye aweza kuonea, akiwa mkubwa hata mwenye kuuza hana mahali pengine pa kwenda. Kifungu hiki chataja matendo ambayo ni matumizi mabaya ya nguvu hiyo. Baadhi yake ni haya:

Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kinyume cha mapatano.

Kuvunja biashara kwa upande mmoja, au kutishia kuivunja, bila taarifa ya kutosha.

Kukataa mali iliyokwisha agizwa, au kuirudisha, bila sababu ya haki.

Kumtupia mleta mali gharama au hasara ambayo ni ya mnunuzi mwenyewe.

Someni tena neno la mwisho, ndugu zangu. Gharama ya kupanga mali katika rafu za duka ni ya nani? Nani alijenga rafu? Nani afaidika zikijaa? Na kama duka lamwambia mleta mali, "Leta watu wako waje kufanya kazi hiyo, uwalipe wewe, lakini nitawaamuru mimi," je, hiyo si gharama ya mnunuzi iliyotupwa begani mwa mwingine?

KESI MBILI ZA KUJIFUNZA

Ya kwanza yahusu mtindi. Kampuni ndogo iitwayo Orchards Limited ilipeleka mashtaka kwa Mamlaka dhidi ya kampuni ya Majid Al Futtaim, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha maduka ya Carrefour hapa Kenya. Katika mwaka 2020 Mamlaka iliamua kwamba duka lilitumia vibaya nguvu yake ya mnunuzi. Duka liliamriwa kurudisha Shs. 289,482/- lililokuwa limekata katika malipo ya mtindi, na kulipa faini ya Shs. 124,767/-. Duka likakata rufani. Mwezi wa Aprili 2021 Baraza la Rufani la Ushindani likaukubali uamuzi wa Mamlaka.

Ndugu mmoja aliniambia, "Shilingi laki moja na ushee! Kwa duka kubwa namna ile hiyo ni pesa ya chai." Ni kweli, faini ilikuwa ndogo. Lakini thamani ya kesi ile haikuwa katika faini. Ilikuwa katika jambo hili, kwamba mtu mdogo alisimama akasema, "Karatasi niliyoitia sahihi si ya haki," na sheria ikamsikiliza. Zaidi ya hayo, duka liliamriwa kubadili masharti mabaya katika mikataba yake na waleta mali wengine, hata wale ambao hawakuthubutu kufungua kinywa.

Ya pili ilifuata mwezi wa Desemba 2023. Safari hii walalamikaji walikuwa mleta asali na kiwanda cha mafuta ya kupikia, na mshtakiwa alikuwa yule yule. Mamlaka ilitoza faini ya zaidi ya Shs. 1,100 milioni. Kampuni ilitangaza kwamba haikubali na itakata rufani, na hiyo ni haki yake. Lakini tazameni safari iliyokwenda sheria hii: kutoka laki moja hadi bilioni moja katika miaka michache. Hiyo si pesa ya chai tena.

Upo mfano mwingine usio wa maduka. Kwa miaka mingi mawakala wa M-Pesa walifungwa na sharti kwamba asiyekuwa wa Safaricom asipate huduma mezani mwao. Mtu ameweka kibanda kwa pesa zake, analipa kodi yake, lakini haruhusiwi kumtumikia mteja wa kampuni nyingine. Mwezi wa Julai 2014, baada ya Airtel kulalamika na Mamlaka kuingia kati, Safaricom ililiondoa sharti hilo. Kibanda kikabaki cha mwenye kibanda. Hayo pia yalikuwa mapatano ya ngazi, na aliyeketi chini kabisa alikuwa yule kijana au msichana wa kuandika katika daftari ya wakala.

HESABU YA MTU WA TATU

Sasa tutazame jinsi karatasi ya juu inavyoshuka hadi mfukoni mwetu. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye kiwanda kidogo auzia duka mtindi wa Shs. 100,000/- kwa mwezi. Mali aliyotumia, pamoja na stima na gari, ni Shs. 60,000/-. Wabaki 40,000/-. Duka lakata asilimia 10 ya mauzo, na hizo ni 10,000/-. Lataka katoni za bure za kufungulia tawi jipya, tuseme za 5,000/-. Lataka mtu mmoja wa kupanga rafu. Wabaki 25,000/-, na humo wamo watengeneza mtindi wote, mpanga rafu, na faida ya mwenyewe. Tena hizo 25,000/- hazilipwi mwisho wa mwezi, zalipwa baada ya siku 90.

Je, ndugu msomaji, mwenye kiwanda atafanya nini? Hawezi kukata stima, kwa maana stima ikikatwa mtindi huharibika. Hawezi kukata bei ya maziwa, maana mkulima atapeleka kwingine. Atakata pale penye ulaini, na penye ulaini siku zote ni penye mtu asiye na chama. Atamwambia mpanga rafu, "Wewe ni kibarua wa siku." Hatampelekea mchango wake wa NSSF. Atamlipa nusu leo na nusu Mungu akipenda. Kisha duka likiiondoa bidhaa yake rafuni, atawaambia wote kwaheri siku hiyo hiyo.

Na mambo haya hayana mwisho mwema hata kwa wafanya kazi wa duka lenyewe. Tunakumbuka Nakumatt. Waleta mali walidai hata wakachoka, kisha wakaacha kuleta mali. Rafu zikabaki wazi. Mwanzoni mwa mwaka 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, na katika mwaka 2020 wadai wakakubali ifungwe. Waliopoteza kazi walikuwa makeshia, wapishi wa mikate, askari na wasafishaji, ambao hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa siku ile deni la kwanza lilipocheleweshwa. Wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi.

MANENO YA WANAOPINGA

Wako wanaosema: "Duka kubwa likimbana mleta mali, bei hushuka, na mfanya kazi ni mnunuzi pia." Neno hili lina ukweli ndani yake, nami sitalidharau. Mama akipata unga kwa bei nafuu nafurahi. Lakini tuangalie pesa inakwenda wapi. Ada ya kuingiza bidhaa rafuni haiandikwi katika bei iliyobandikwa. Malipo yaliyochelewa siku 90 hayapunguzi bei ya sukari, bali humpa mwenye duka mkopo bila riba. Tena waleta mali wadogo wakifa wote, atakayebaki ni mmoja, naye akibaki peke yake bei hatapanga mama.

Wako matajiri wadogo watakaosoma haya na kufurahi. Watasema: "Mwaona! Hatulipi kwa sababu duka halitulipi." La, hasha. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri alipe mshahara unapofika wakati wake, awe amelipwa na mteja wake au hakulipwa. Mfanya kazi hakutia sahihi kushiriki hasara, wala hagawiwi faida. Tutasimama pamoja na mwenye kiwanda mdogo mbele ya Mamlaka, lakini hatutamkopesha mishahara yetu.

Wako wengine, nao ni ndugu zetu, wanaoogopa. Wasema: "Sheria ya kukataza mapatano ni kisu chenye makali pande mbili. Kesho tajiri atasema kwamba chama nacho ni mapatano ya kupandisha bei ya kazi." Hofu hii si ya bure. Huko Marekani sheria ya namna hii ilitungwa katika mwaka 1890 ili kuzuia makampuni makubwa, lakini kabla ya muda mrefu ikatumiwa kuwapiga wafanya kazi. Katika mwaka 1908 mahakama kuu ya huko iliamua dhidi ya chama cha washona kofia kilichokuwa kimewashauri watu wasinunue kofia za tajiri mmoja wa mji wa Danbury, na wanachama wa kawaida wakatiwa katika hatari ya kupoteza nyumba na akiba zao. Iliwalazimu wafanya kazi wapigane mpaka mwaka 1914, ndipo sheria mpya ikatamka kwamba kazi ya binadamu si bidhaa ya sokoni.

Kwetu Kenya tuna ngao. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kuingia katika chama na ya kugoma, na yakipa chama haki ya kupatana na waajiri kwa pamoja. Lakini ngao isiyoshikwa haizuii mkuki. Tukikaa mbali na sheria hii ya ushindani, itafasiriwa na mawakili wa matajiri peke yao.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila mjumbe wa wafanya kazi kazini aandike hesabu. Katika duka lake wako wapanga bidhaa wangapi wasioandikwa na duka? Nani awapa amri? Nani awalipa, na mara ya mwisho walilipwa lini? Hesabu hiyo iletwe tawini. Hakuna atakayetusikiliza tukisema "wengi, wengi". Tukija na daftari watatusikiliza.

Pili, wakati wa kupatana na tajiri, chama kiulize juu ya mikataba ya mali. Hatutaki siri za bei yake. Twataka kujua jambo moja: je, katika karatasi hiyo kuna sharti la kuleta watu? Kama liko, basi watu hao wawe ndani ya mapatano yetu, kwa mshahara wa kazi ile ile, na yule anayewaamuru awajibike.

Tatu, tusiogope kulalamika. Mamlaka yaweza kuchunguza kwa hiari yake au kwa habari kutoka kwa mtu yeyote, si lazima awe mwenye kampuni. Mleta mali aogopa kulalamika kwa sababu kesho bidhaa yake itatolewa rafuni. Mpanga rafu aogopa zaidi yake. Lakini chama hakina bidhaa rafuni. Chama chaweza kulisema lile wasiloweza kulisema wao.

Nne, tuombe Bunge litazame jambo moja lililopungua. Leo faini huenda Serikalini, na pesa zilizokatwa hurudi kwa mleta mali. Hayo ni sawa. Lakini aliyekosa mshahara miezi mitatu kwa ajili ya malipo yaliyocheleweshwa hatajwi. Pesa zikirudi, mishahara iliyolala iwe ya kwanza kulipwa, kabla ya gari jipya la mkurugenzi.

Ndugu zangu, nilirudi katika duka lile juma lililopita nikitaka kumweleza dada yule mambo haya. Sikumkuta. Rafu ya maziwa ilikuwa na aproni nyingine, ya rangi nyingine, na ndani yake msichana mwingine. Nikamwuliza swali lile lile, "Dada, tajiri wako ni nani?" Akanitazama, akatazama upande wa ofisi ya meneja, kisha akaendelea kupanga.

Kunyamaza kwake ni jibu, nami nimelileta kwenu. Mjumbe atakayepita kazini kwenu na daftari juma lijalo, mpeni majina.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mwanachama wa Tawi